Ndimu ya unga kwa hita iliyoziba: nyota nne kwa kutu, sifuri kwa dawa ya kuziba rejeta

Ndimu ya unga (asidi ya sitriki) nimeitumia kwenye Hilux LN106 za dizeli zinazozunguka Njombe na Makete, ambako Juni na Julai hita, ile rejeta ndogo inayopasha hewa ya kabini, si anasa: bila hiyo kioo cha mbele kinajaa ukungu asubuhi nzima.

Kabla hujaenda duka la viungo, shika mipira miwili inayoingia kwenye ukuta wa kabini injini ikiwa imeshapata moto. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine vuguvugu, maji hayapiti. Angalia kwanza waya wa vali ya hita. Ukikatika, dalili ni zilezile. Yote miwili ikiwa vuguvugu, kagua kiwango cha maji na thamostati (vali inayofunguka maji ya injini yakipata moto).

Injini ikipoa, fungua mipira hiyo. Mpira ulioganda usiuzungushe kwa plaiz, maana bomba za hita ni laini na ungio huachia kwa ndani. Uchane kwa wembe kwa urefu, ununue mwingine (Toyota nyingi ni milimita 16, lakini nenda na kipande dukani).

Anza kusuuza kinyume: maji yaingilie bomba la kutokea. Hapa ndipo hita nyingi zinapouawa. Mfuniko wa rejeta huachia kwenye takriban bar 0.9, na bomba la mjini linaweza kuzidi hapo mara kadhaa. Mpira wa bomba ushikilie kwa mkono tu, usiubane kwa klampu, ili presha ikizidi itokee pembeni. Kompresa sitaki hata kuisikia.

Kisha gramu 100 za ndimu ya unga kwa lita 2 za maji ya kama nyuzi 60. Mimina kwa faneli, acha dakika 20 hadi 30, mwagia kwenye ndoo nyeupe uone rangi. Mkupuo wa kwanza hutoka kama chai ya rangi, na vipande vya kutu vinatua chini. Rudia hadi itoke ilivyoingia. Ukiona kijani-buluu baada ya kutu kwisha, asidi imegeukia shaba. Acha hapo hapo. Suuza kwa maji, pitisha lita 2 zenye kijiko kikubwa cha bikaboneti, suuza tena. Ukiruka suuzo la katikati, povu litakurukia.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu haigusi unga wa kuziba rejeta wala binzari ambayo mafundi wengine hutia rejeta ikivuja. Ikishagandia kwenye vijia vyembamba vya hita, badilisha hita. Magadi ya kuzibulia sinki usithubutu: yanakula alumini.

Kurudishia: kulanti (dawa ya maji ya rejeta) nusu, maji ya betri nusu (yale yaliyotoneshwa, siyo asidi). Jaza hita kupitia mpira wa juu kabla ya kufunga, elekeza pua ya gari mlimani, weka swichi ya hita upande wa moto, na uwashe injini mfuniko wa rejeta ukiwa wazi hadi thamostati ifunguke na mapovu yaishe. Kulanti ya zamani usimwage uani. Ni tamu, ni sumu, na mbwa huilamba.

Siku chache baadaye kiwango hushuka kidogo, ni hewa iliyobaki inatoka. Kikiendelea kushuka, na kapeti la abiria likawa na unyevu wenye harufu tamu, hita imetoboka: kutu uliyoitoa ndiyo iliyokuwa imeziba tundu.