Tahadhari: gari likigonga mbele, usiache ufunguo kabla hujaonyeshwa kinachogonga

Wakuu, nimesubiri siku kadhaa hasira ipungue ili niandike nilichokiona kwa macho yangu tu. Nimepigwa shilingi 740,000 kwenye gereji moja upande wa Ilala, Dar es Salaam, inayofanya kazi bega kwa bega na duka la spea. Fedha inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba kwa siku tisa nilibeba mke wangu na watoto nikiamini gari limetengenezwa.

Gari ni Premio. Lilianza kugonga mbele kushoto, ko-ko-ko, nikipita taratibu kwenye barabara yetu ya mtaani huku Goba, ile iliyochimbwa na mvua. Kwenye lami kimya kabisa. Nikaenda Kariakoo kuulizia bei za spea, na kabla sijafunga mlango wa gari winga, yaani dalali wa mtaani, akanidaka: "Bosi, kabla hujanunua, tuna fundi wetu hapo jirani, anacheki bure." Nikamfuata.

Fundi akapiga jeki upande wa kushoto peke yake, akachomeka mtaimbo kwenye lowa armu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini, akasukuma kwa nguvu zote mpaka gari likayumba. "Unaona bosi? Bushi zimekwisha, boli jointi imekufa. Hii ikichomoka ukiwa Mandela Road, tairi linalala." Nikaogopa. Na ni kweli, boli jointi, kile kiungo kati ya lowa armu na gurudumu, ikichomoka gurudumu linalala na usukani hauna kazi tena, ndiyo maana hofu hiyo inawalipa. Ila mpira wa bushi, ule unaokaa armu inapofungwa kwenye gari, hata uliotoka dukani leo, ukiusukuma na mtaimbo utanesa, maana umewekwa pale unese. Bushi mbovu ina mpira uliochanika au ulioachana na chuma chake, na hilo unalimulika kwa tochi ukaliona. Sikuonyeshwa mchaniko wowote. Nilionyeshwa gari linayumba.

Hesabu ikaja: shokapu mbili 420,000, boli jointi mbili 160,000, bushi nne 140,000, ufundi 80,000. Nikaomba wapunguze, tukafika 740,000. Nikalipa kwa simu kwenye namba ya mtu binafsi, nikapewa karatasi ya kitabu isiyo hata na jina la duka, nikaambiwa niache ufunguo nirudi saa kumi.

Saa kumi nikakuta shokapu nyeusi tii, zinang'aa, zina stika. Nikaomba spea zangu za zamani. "Tumeshatupa bosi, gari la taka limepita." Hapo ndipo nilipopaswa kusimama nisiondoke.

Jioni hiyohiyo nilipoingia Goba, ko-ko-ko ileile. Nikapiga simu, nikaambiwa spea mpya zinahitaji kuzoea barabara. Jamani, hakuna spea mpya inayozoea kwa kugonga. Baada ya siku mbili wakaacha kupokea.

Siku ya tisa nikampelekea mzee mmoja, fundi wa Tabata. Hakugusa jeki. Kwanza alikaza nati za magurudumu kwa mkono wake, akaniambia huwa anaanzia hapo kwa kila gari linalogonga, kwa sababu nati zikilegea mlio unafanana na huu na ndizo zinazoua haraka. Kisha akakaa pembeni yangu tukapita kwenye mashimo. Akaniambia niguse breki kidogo huku tunatembea. Mlio ukiisha ukigusa breki, alisema, shaka iende kwanza kwenye pedi za breki na kalipa, kile kinachozishika, zilizolegea. Haukuisha. Akaniambia nifunge breki kisha niondoke, nirudi nyuma, nifunge tena. Bushi za lowa armu zikifa hugonga hasa wakati huo, armu inapovutwa mbele na nyuma. Kimya. Tukasimama, akaweka kiganja juu ya mauntingi, pale shokapu inapofungwa kwa juu ndani ya boneti, mimi nikazungusha usukani kushoto na kulia. Alikuwa anasikiliza kama springi inaruka. Haikuruka.

Ndipo akajilaza chini, matairi yote yakiwa ardhini, akashika stabilaiza linki ya kushoto, kile kijiti kinachounganisha stabilaiza na shokapu, kwa vidole viwili na kumwambia kijana wake atikise gari. Akaniita. "Njoo ushike mwenyewe." Nikashika. Kila gari lilipocheza nilisikia pigo dogo kabisa kwenye vidole vyangu, tk, tk. Ya kulia haikuwa na kitu.

Akanieleza kwa nini yule wa kwanza hakuiona, au hakutaka kuiona: ukinyanyua gurudumu moja peke yake, stabilaiza, kile chuma kirefu kinachounganisha upande wa kushoto na wa kulia, inajipinda na kuivuta linki ikakaza, kwa hiyo ulegevu unajificha. Linki mbili na ufundi, shilingi 90,000. Mlio umekwisha.

Sasa hili ndilo hasa limenifanya niandike. Nikamwomba aangalie zile shokapu mpya. Akatoa sarafu, akakwangua chini ya kikombe cha springi, kile kisahani cha shokapu kinachobeba springi. Rangi ikatoka kama ganda la yai, na chini yake kutu na udongo mkavu uliopakwa rangi juu kwa juu, bila hata kufutwa. Kisha mimi mwenyewe nikaona kile kibati kinachoshika paipu ya breki. Kimepinda. Kilipindishwa mwaka jana na fundi aliyenibadilishia beringi, nakikumbuka kwa sababu tuligombana. Ni shokapu zangu mwenyewe. Nimeuziwa kitu changu kwa 420,000.

Bushi hazikuguswa, bolti zake zina matope ya zamani hata alama ya spana haipo. Boli jointi kweli zilibadilishwa, lakini mpira wa kifuniko wa ile ya kushoto umeshapasuka na grisi inatoka, kwa siku tisa! Zile nilizokuja nazo, ambazo mzee anasema huenda zilikuwa bado za kiwandani, sijui ziko kwenye gari la nani leo. Nimezibadilisha tena kwa fedha nyingine, kwa sababu hapo siwezi kubahatisha.

Kwa hiyo nawaomba, mkiambiwa boli jointi imekufa, mwambieni fundi anyanyue gari gurudumu lining'inie, alishike juu na chini alitikise, nanyi mkimulika pale kwenye jointi muone kama inacheza. Gurudumu likicheza, mtu akanyage breki. Ulegevu ukipotea, tatizo liko kwenye beringi. Akitikisa kushoto na kulia na likacheza, mwangalie tairodi, kile chuma kinachogeuza gurudumu ukizungusha usukani. Hayo yote hayachukui dakika kumi. Fundi wa kweli hatachukia. Na spea ya zamani ni mali yako, dai iwekwe kwenye buti kabla hujalipa salio.

Lipeni duka, msilipe namba ya mtu, na mdai risiti ya mashine. Mimi nilikosa hiyo, na polisi swali la kwanza waliloniuliza lilikuwa hilohilo. Boli jointi feki nimezihifadhi kwa ajili ya kuzipeleka Tume ya Ushindani, FCC, kwa sababu wao ndio wanaoshughulika na bidhaa bandia.

Sitaji jina la gereji hapa mpaka malalamiko yasikilizwe. Lakini kama miezi ya karibuni ulipelekwa na winga kwa fundi wa "kucheki bure", ukarudishiwa gari lina shokapu zinazong'aa na spea za zamani "zimetupwa", chukua sarafu leo ukwangue chini ya kikombe cha springi, hasa kama una safari ya mkoani wiki hii.