OpenLearn kwa mtu wa depo: kozi za bure, mega kidogo, na namba za OHADA ambazo hazimo

Usiende OpenLearn, tovuti ya kozi za bure, kutafuta karatasi ya kukupatia kazi. Nenda kujifunza. Kwa sisi tunaoshinda kazini mchana kutwa na kusoma usiku kwenye simu, sijaona kitu kingine cha bure kinachotufaa kuliko hiki.

Mimi ni keshia wa depo ya sementi na mabati katika komini ya Kenya (ile ya Lubumbashi, msinitafute Nairobi). Diploma yangu ya serikali ni ya pedagojia. Mambo ya debiti na krediti niliyakuta kazini, kwenye madaftari ya aliyenitangulia, na huyo alikuwa anaandika anavyojua yeye.

OpenLearn ni mali ya The Open University ya Uingereza, chuo kilichoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya watu wazima wanaosomea nyumbani. Tovuti hii ya bure waliifungua 2006. Uzoefu huo unaonekana: maelezo yameandikwa kwa mtu asiye na mwalimu wa kumuuliza. Aya chache, mfano, zoezi, jibu. Masomo ni ya kila aina, kuanzia hesabu na sheria hadi historia, afya, malezi na lugha, na yamepangwa kwa ngazi tatu. Mtu aliyeacha shule siku nyingi aanze ngazi ya kwanza bila aibu.

Kilichonifanya nibaki ni mega, yaani data ya simu. Tovuti nyingi za kozi ni video juu ya video; ukimaliza somo moja, na mega za wiki zimekwisha. Hapa sehemu kubwa ni maandishi, na kozi nzima unaweza kuipakua kama PDF, Word au ePub. Naipakua mara moja pale kwenye intaneti nzuri, halafu umeme ukikatika mtaani mimi naendelea kusoma. Kusoma tu hakuhitaji hata kufungua akaunti. Akaunti unaihitaji ukitaka majaribio na cheti.

Kozi niliyoishughulikia kwa makini ni ile ya utangulizi wa uwekaji wa vitabu vya hesabu. Inakufundisha kwamba kila jambo linaandikwa mara mbili, upande wa debiti (kushoto) na upande wa krediti (kulia), na inakurudisha kwenye sheria hiyo mpaka ikukae. Chukua mfano wa depo yetu. Fundi anachukua mifuko 20 ya sementi, tuseme kwa dola 12 mfuko. Jumla 240. Analipa 100 taslimu, 140 anabaki nazo deni. Zamani tungeandika "100" kwenye daftari la keshi, na deni kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa ukutani. Sasa naandika: keshi debiti 100, wateja debiti 140, mauzo krediti 240. Pande zote mbili zinalingana, na karatasi ya ukutani haina kazi tena. Kijana wa kaunta alikuja kuchungulia.

"Yaya, sasa hilo deni la fundi unaliandika kama pesa yetu, na hajalipa?"

"Ni haki yetu, mdogo wangu. Akilipa linahama upande, linaingia keshi. Mauzo hayaguswi tena."

Sasa pale ambapo lazima ujiongeze mwenyewe. Kozi ni ya Uingereza, hesabu zake ni za pauni, na haina namba za akaunti. Kongo imo ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara na uhasibu, tangu 2012, na mhasibu yeyote wa hapa atakuuliza namba. Mauzo yale ya sementi kwake ni 701, wateja ni 411, keshi ni 57 na vijukuu vyake, yaani akaunti ndogo zilizo chini yake. Daraja la 6 (akaunti zinazoanza na 6) ni gharama, la 7 ni mapato. Nilitafuta orodha ya akaunti za OHADA, nikaandika namba kwa kalamu pembeni ya kila mfano wa kozi. Kazi hiyo ilinifundisha karibu sawa na kozi yenyewe. Pia TVA yetu (kodi ya ongezeko la thamani) ni asilimia 16, usinakili ya kwao. Na droo yenye dola na falanga pamoja, kiwango kikibadilika kati ya asubuhi na jioni? Hilo utalimaliza na mhasibu wenu.

Vyeti viko vya aina mbili. Ukimaliza kozi ya kawaida unapata hati ya ushiriki, bure. Kozi kadhaa zina beji: unasoma kurasa zote na kupata angalau asilimia 50 kwenye majaribio yanayohesabiwa, ukianguka, unasubiri saa 24 na kurudia. Hakuna kati ya hizo inayohesabiwa kama alama za chuo kikuu, na wao wenyewe wanasema wazi. Napenda ukweli huo. Kuna tovuti nyingine iliyoniita "mhitimu" kwa shangwe, kisha ikanionyesha bei ya cheti.

Kiingereza ndicho kizingiti. Ukijua kile cha kuongea na madereva wa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tu, utachoka haraka. Kuna kozi ya Kiingereza cha kusomea, wiki 8 za saa kama tatu kila wiki, anza na hiyo. Anayependelea Kifaransa aende FUN, tovuti ya kozi ya Ufaransa, iliyoanza 2013. Ni nzuri, lakini kozi zake nyingi zina tarehe za kufungua na kufunga, na mtu wa depo mwisho wa mwezi hana tarehe.

Jambo la mwisho: leseni ya maandishi yao kwa kawaida inaruhusu kunakili na kugawa, mradi utaje yametoka wapi na usiyauze. Nimemchapia yule kijana mazoezi ya kozi kwenye fotokopi. Majibu yako mwishoni kabisa mwa faili, kwa hiyo mwambie wa mashine kurasa za kuishia, la sivyo utalipa ili mwanafunzi wako anakili.