Nimetembea Pavia, Verona na Bassano nikiongozwa na simu: uzoefu wangu

Nianze na bei, maana ndiyo wengi wenu mtakayouliza. Nililipa euro 12 kwa programu ya simu yenye njia za kutembea kwa miguu katika miji mitatu ya kale ya kaskazini mwa Italia, yote imekaa kando ya mito: Pavia kwenye Ticino, Verona kwenye Adige na Bassano del Grappa kwenye Brenta. Unavaa spika za masikioni, ramani inakuonyesha pa kupita, na ukifika penye jambo la kusimuliwa sauti inaanza yenyewe. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea mdogo wangu anayesoma Pavia. Yeye mchana kutwa yuko darasani, kwa hiyo nilijikuta nina siku nane na sina mwenyeji.

Pavia ni nusu saa hivi kwa treni kutoka Milano, na watu wengi wanaipita tu wakielekea kwingine. Njia ya programu inaanzia kwenye ngome ya Visconti, ukoo uliotawala Milano, upande wa juu wa mji, inateremka Strada Nuova iliyonyooka kama rula, hadi mtoni. Msimulizi anajua kazi yake, hakimbii wala hapigi kelele. Alinisimamisha chuo kikuu, kilichoanzishwa mwaka 1361, akanielekeza kwenye ua wenye sanamu ya Alessandro Volta. Huyo ndiye volti zinaitwa kwa jina lake, na alikuwa profesa hapo hapo Pavia alipobuni betri. Nikatazama simu yangu: asilimia 31. Nilitoka nyumbani na 90. Yaani nimesimama mbele ya baba wa betri na betri inanifia mkononi. Kwa hiyo lalamiko la kwanza ni hilo, programu inakula chaji vibaya mno. Beba pawabenki, tena iliyojaa.

La pili ni viatu, ingawa hilo si kosa la programu peke yake. Vichochoro vya Pavia vimetandazwa mawe ya mviringo ya mtoni, madogo kama viazi vya kuchemsha, yamechomekwa wima ardhini. Nilikuwa na raba za soli nyembamba. Baada ya saa moja nilikuwa nahisi kila jiwe kivyake. Kisha nikaona bibi mmoja na kikapu chake ananipita kwa mwendo mkali kabisa, nikatazama anakanyaga wapi: katikati ya kichochoro kuna mistari miwili ya mawe bapa ya matale, iliyowekwa kwa ajili ya magurudumu ya mikokoteni. Wenyeji wote wanapita hapo. Ningeshukuru kama ile sauti ingenitajia mistari hiyo kabla ya kunitajia wafalme.

Mahali paliponishika zaidi ndani ya mji ni kando ya kanisa kuu, penye kisiki cha ukuta wa matofali. Hapo ulisimama mnara wa mji kwa karne nyingi, hadi asubuhi ya tarehe 17 Machi 1989 ulipoporomoka bila mtu kuugusa, ukaua watu wanne. Waitaliano waliingiwa na hofu juu ya minara yao mingine, na mnara ulioinama wa Pisa ukafungwa kwa wageni Januari 1990. Programu inalisema hili kwa sentensi tatu, halafu inanyamaza karibu dakika nzima. Hapo niliwapa heko.

Jioni ile mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, umemaliza Pavia hujaenda kumsalimia Agostino?" Nikamwambia Agostino gani. Akacheka mpaka nikaona aibu, maana mimi nimesoma SAUT pale Malimbe, Mwanza, chuo chenye jina lake. Mtakatifu Agostino, mzaliwa wa Thagaste iliyoko Algeria ya leo, amelazwa Pavia, katika kanisa la San Pietro in Ciel d'Oro. Alifia Hippo mwaka 430, mifupa yake ikapelekwa Sardinia, na katika karne ya 8 mfalme Liutprand wa Walombardi akaileta huku. Kanisa lenyewe liko nyuma tu ya ngome ile ambayo njia inaanzia! Ila kwa kuwa programu inakugeuzia uso mtoni tangu hatua ya kwanza, unaliacha mgongoni. Nilirudi kesho yake asubuhi. Ndani palikuwa na mwanamke mmoja anasali na fundi juu ya ngazi anabadilisha taa. Kaburi ni la marumaru nyeupe, refu kuliko mtu, limechongwa watu wadogo wadogo kila upande. Nilisimama pale nikikumbuka mitihani ya Malimbe.

Sasa nije kwenye kosa kubwa, ambalo limerudiwa katika miji miwili kati ya mitatu. Programu inauchukulia mto kama ukuta. Pavia inakuteremsha hadi Ponte Coperto, daraja lenye paa, inakupeleka hadi kikanisa kilichoko katikati yake, inakuaga na kukwambia urudi ulikotoka. Ati mwisho wa safari, nusu ya daraja.

Nilivuka. Na ng'ambo ndiko ulikoanza utamu. Kwanza, ukiwa ng'ambo ndipo unapoliona daraja lenyewe. Hili la sasa ni jipya, lilikamilika 1951. La zamani, la karne ya 14, lilipigwa mabomu na ndege za Washirika katika Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1944, na mabaki yake yakabomolewa baada ya vita. Maji yakipungua, vipande vya nguzo za lile la kwanza vinachungulia mtoni, pembeni kidogo ya hizi mpya, kama meno ya mzee. Pili, huko ndiko Borgo Ticino, mtaa wa nyumba ndogo za rangi rangi zilizobanana ukingoni. Waliishi hapa wavuvi na madobi. Kuna sanamu ya shaba ya mwanamke anafua, na nyuma yake ni zile nyumba ambazo mto ukifura ndizo zinazoingiwa maji kwanza. Nilikaa ukingoni hapo hadi jua likazama, mji wote uko mbele yangu na kuba la kanisa kuu juu yake. Halafu mbu wakaja. Pavia imezungukwa na mashamba ya mpunga, ndio mkoa unaoongoza kwa mpunga Italia nzima, na penye mpunga mnajua wenyewe kuna nini. Mtu wa Mwanza nilikimbizwa na mbu Ulaya. (Wali wao, kwa walioniuliza, ni wa kurojeka. Nilikula nikamaliza, siwezi kusema zaidi.)

Verona sitaiandikia sana, imeshaandikwa vya kutosha. Njia yake ndefu inakusukuma kwenye msongamano, na ile sauti nzuri inapoteza muda wote huo kwenye kibaraza cha Giulietta, yule Juliet wa Romeo katika tamthilia ya Shakespeare, kibaraza ambacho kiliongezwa kwenye hiyo nyumba karne ya 20. Foleni ilikuwa hadi barabarani. Nikazima, nikaufuata mto kwa akili yangu. Adige inaizunguka Verona kwa kujikunja kama nyoka, huwezi kupotea. Utaona inapita chini sana, katikati ya kuta ndefu. Kuta hizo zilijengwa baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1882, ili mji na mto visigusane tena.

Nilipofika Ponte Pietra nikaiwasha tena, na nikafurahi. Wajerumani waliokuwa wanakimbia walililipua daraja hili Aprili 1945. Wenyeji wakayaopoa mawe mtoni, na kati ya 1957 na 1959 likajengwa upya kwa mawe yale yale. Simama ukingoni utazame: matao mawili ya upande wa mlimani ni ya mawe meupe ya Kirumi, yanayofuata ni matofali mekundu ya zama za baadaye. Utadhani kanzu imetiwa viraka, na kila kiraka kina fundi wake. Programu iliishia hapo, nami nikavuka mwenyewe, nikapanda ngazi hadi Castel San Pietro, ngome ya ng'ambo juu ya kilima, nikafika juu natweta, shati limelowa, nikakuta watu wanashuka kwenye kigari cha reli kinachopanda na kushuka mlima huo huo. Hawakunitajia hata kwa neno. Wenye wazee au watoto, ulizeni kigari.

Bassano ndiko programu ilikojirekebisha. Mji ni mdogo, njia ni ya saa moja na kidogo, na safari hii inakuvusha hadi ng'ambo kabisa. Daraja lake ni la mbao, lina paa, na mchoro ni wa msanifu majengo Andrea Palladio wa mwaka 1569. Mafuriko ya 1748 yalilibeba, vita vikalibomoa zaidi ya mara moja, na kila mara wamelirudisha kwa mchoro ule ule. La sasa lilijengwa upya 1948 na wanajeshi wa milimani, Alpini, nalo linaitwa kwa jina lao, kisha likakarabatiwa tena miaka ya karibuni. Toa spika masikioni ukiwa juu yake. Mbao zinalia chini ya miguu, kila mtu na mlio wake: mwenye visigino, mtoto anayekimbia, mzee na mkongojo. Chini Brenta inapita kwa kasi, kijani kibichi, baridi inakufikia hadi juu. Ukiteremka ukingoni utaona nguzo zimepangwa kwa safu na kuchongwa ncha upande maji yanakotoka, kama pua za mashua zilizotia nanga. Nilikaa hapo kuliko mahali popote.

Nimewapa nyota tatu kati ya tano. Simulizi ni nzuri, chaji ni janga, na mchora ramani wa Pavia na Verona sidhani kama aliwahi kuvuka daraja.

Akaunti nimemwachia mdogo wangu, kwani nimeshailipia. Wiki iliyopita alikwenda Mantova, mji uliozungukwa pande tatu na maziwa yanayotokana na mto Mincio, akanitumia picha. Minara na makuba yote yamepangana juu ya maji. Kaipigia ng'ambo, kutoka mwisho wa daraja la San Giorgio.