Darubini ya 8x42 na kindi wa Abert: misimu mitatu chini ya misonobari

Msimu wangu wa kwanza wa kuwinda kindi kwenye misonobari ya Arizona nilirudi mikono mitupu mara sita mfululizo, na bunduki niliyobeba ilikuwa nzuri kabisa. Baba mkwe wangu, ndiye aliyenifundisha kuwinda, aliniambia neno moja tu: "Mwanangu, wewe unamtafuta kindi kwa miguu. Kaa chini umtafute kwa macho." Wiki iliyofuata nikanunua darubini ya macho mawili ya 8x42. Nimeibeba misimu mitatu sasa, kwenye theluji, mvua na vumbi la barabara za msituni, na ninaweza kuisema bila kubahatisha.

Kwanza mjue ninawinda nini, maana darubini inayomfaa mwindaji wa tambarare huenda isifae hapa. Kindi wa Abert anaishi kwenye misonobari aina ya ponderosa, na kule juu ya Mogollon Rim, ukingo mrefu wa nyanda za juu za Arizona, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, unaweza kutembea siku nzima usitoke kivulini mwa miti hiyo. Mgongo wake ni wa kijivu wenye mstari wa rangi ya kutu, tumbo jeupe, na masikio yana vishungi vya manyoya vinavyorefuka baridi inapoingia. Kindi mwekundu wa milima hiyo hiyo akikuona hupiga kelele mpaka msitu mzima ujue umefika. Wa Abert hafanyi hivyo. Hujilaza juu ya tawi, akatulia tuli, nawe unapita chini yake ukidhani umeona fundo la mti.

Kujua kwamba yupo ni rahisi. Anapenda ganda la ndani la vijiti vya msonobari, kwa hiyo huvikata vishada vya majani ya sindano na kuvidondosha. Ukikuta chini ya mti mmoja vishada vibichi vimetapakaa, na vijiti vyeupe vilivyomenywa, na koni (matunda magumu ya msonobari) zilizotafunwa zikabaki kama magunzi ya mahindi, basi huo ni mti wake. Hana ghala la chakula kama kindi wengine, hivyo hata theluji ikianguka lazima atoke ale. Kumwona sasa, hapo ndipo pesa niliyotoa ilipojilipa.

Namba 8 ni ukuzaji, 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 unapata 5.25, ambao ni upana wa mwanga unaoingia jichoni. Kwa 10x42 ni 4.2. Tofauti hiyo huioni mchana, lakini alfajiri, chini ya matawi mazito, darubini yangu inanionyesha shina na gome lake wakati macho matupu yanaona weusi tu. Jambo la pili ni uwanja wa kuona. Yangu inafunika kama mita 130 kwa umbali wa mita 1,000, maana yake kwenye mti ulio mita 40 naona kama mita 5 kwa mara moja. Naanza chini, napanda na shina, nasimama kila tawi linapoanzia, kisha nafuata tawi mpaka ncha. Simtafuti kindi mzima. Natafuta nywele za mkia zinazopeperuka, ukingo mweupe, au vishungi viwili mahali ambapo tawi halina sababu ya kuwa na vishungi.

Gurudumu la kurekebisha ni laini na la haraka, na hilo watu hawalitaji vya kutosha. Kindi aliyekuwa mita 15 juu ya kichwa chako, akiruka mti mmoja na mwingine, ghafla yuko mita 50. Kwa mzunguko mdogo wa kidole nampata tena. Mimi huvaa miwani, na vikombe vya macho vinazungushwa chini vizuri. Naona picha yote bila duara jeusi pembeni.

Niseme na hili, na nalisema kwa uzito. Wako wanaoona darubini ni mzigo kwa sababu tayari wana kioo cha kulengea juu ya bunduki. Jamani, usimtafute mnyama kwa kioo cha bunduki. Kila unapotazama, mtutu unaelekea huko huko, na nyuma ya ule mti kunaweza kuwa na mwindaji mwingine au mtoto wa mtu anayetembea. Hata risasi ndogo ya .22 iliyopigwa juu inaweza kwenda zaidi ya kilomita 1. Kwa darubini naangalia kwanza kama kindi ameegemea shina au tawi nene litakaloizuia risasi. Akiwa na anga tupu nyuma yake, namwacha. Sheria inaniruhusu kindi 5 kwa siku. Sijawahi kufika, na hilo halijaninyima usingizi. Tena anayekwenda milima ya Pinaleño, huko huko Arizona, anaihitaji darubini zaidi, kwa kuwa huko wa Abert anaishi pamoja na kindi mwekundu wa Mount Graham, aliyeorodheshwa mwaka 1987 kuwa hatarini kutoweka. Hapo ni lazima uwe na uhakika na unayemwona.

Kasoro zipo. Pete ya kurekebisha jicho la kulia haina kufuli, ikigusana na koti inahama, na utahangaika kutafuta kwa nini picha imefifia. Mimi nimeifunga kwa utepe. Vifuniko vya lenzi za mbele vinachomoka. Kimoja kilibaki msituni siku ya pili. Mkanda wa shingoni unaumiza kabla ya adhuhuri, kwa hiyo nimeweka mikanda ya kifuani inayokaa mabegani, na tangu hapo hata nikiinama kuokota koni haininginii mbele. Maji hayajaingia ndani hata mara moja. Lakini ukiipumulia kwenye baridi kali vioo vya nyuma vinapata ukungu, basi jifunze kupumua pembeni.

Baba mkwe ana 10x42 ya siku nyingi na alikuwa akisema nane ni ndogo mno. Mikono yake sasa inatetemeka kidogo, na kumi hukuza na mtetemo pia. Novemba iliyopita tulikuwa tumekaa chini ya mti wenye vishada vibichi, theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, nikampa yangu. Alitazama kimya kama dakika kumi. Kisha akanionyesha kwa kidevu: tawi la tatu, karibu na shina. Vishungi viwili.

"Piga wewe," akanong'ona. "Mimi niache kwanza nimtazame."