Pikapu za umeme kwa njia za mawe: kabla ya yote, uliza tairi la akiba liko wapi

Kila mwaka Pasaka ikikaribia, Moab kule Utah, Marekani, hujaa magari ya kupanda mawe, na mimi hujaa ujumbe wa malalamiko. Safari hii mengi yanafanana. Kaka mmoja wa Salt Lake City alinunua pikapu ya umeme kwa pesa ambayo nyumbani ingejenga nyumba na kuchimba kisima, akaipeleka njia ya White Rim, jiwe likamchana tairi ubavuni. Akafungua kila kifuniko cha gari, mbele na nyuma, akitafuta tairi la akiba. Alichokuta ni kichupa cha gundi na kipampu cha kuchomeka. Mama mmoja wa Aurora, hapa jirani na Denver, yeye aliuliza mapema, akajibiwa na muuzaji kwamba magari ya kisasa hayahitaji tena spea. Alijibiwa hivyo kwa tabasamu, anasema.

Kwa hiyo huu ni mwongozo wa kununua pikapu ya umeme kwa mtu anayekusudia kweli kuipeleka kwenye mawe, na umepangwa kwa kufuata tairi hilo. Sitagusa kasi. Pikapu hizi zote zina nguvu kuliko busara ya madereva wengi, na kwenye mawe unakwenda maili mbili tatu kwa saa. Skrini na spika mtazisoma kwingine. Hata chaji nitaipitia mbio, ingawa ndiyo swali la kila mtu. Njia ya Hell's Revenge, karibu na Moab, haifiki maili 10, na Moab mjini chaja zipo. White Rim, ndani ya hifadhi ya Canyonlands, ni mzunguko wa kama maili 100 usio na mafuta, maji wala umeme, na kibali lazima ukate kabla. Ukianza na betri iliyojaa, pikapu kubwa ya umeme inaumaliza, na ukishuka kwa kona za barabara ya Shafer mota zinakurudishia umeme kidogo. Hakuna hata mmoja aliyeniandikia kwamba aliishiwa chaji kule.

Sasa tairi. Kwenye pikapu ya mafuta, tairi la akiba huning'inia chini ya bodi, nyuma, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupahitaji. Kwenye pikapu nyingi za umeme, sehemu hiyo imebanwa na mota ya nyuma, na sakafu yote imefunikwa bapa ili upepo upite bila kukwaruza, maana kila maili ya ziada ni maili ya kutangazia. Ukiondoa tairi na rimu yake umepunguza kilo 40 hivi, umepunguza na gharama. Mnunuzi wa mjini hatagundua kwa miaka.

Ubaya ni kwamba magari haya ndiyo yanayolihitaji tairi hilo kuliko mengine. Ni mazito. Rivian R1T inapita pauni 7,000, yaani kilo 3,200 na zaidi, na Hummer ya umeme iko kwenye pauni 9,000. Ukifika mwanzo wa njia mbovu unapunguza upepo ili tairi lilale na kushika mwamba. Likilala, ubavu wake unatokeza nje, na ubavu ndio sehemu nyembamba. Weka uzito wa tani tatu au nne juu ya ukingo wa jiwe, kisha geuza usukani kidogo. Pancha ya msumari katikati ya kashata utaiziba kwa plagi ya mpira na kuendelea na safari. Ubavu ukichanika hakuna gundi wala plagi itakayokuokoa. Na pikapu ya umeme haiburutwi huku magurudumu yakizunguka ardhini. Inatakiwa ipandishwe juu ya lori la kubebea, ambalo kwanza lifike ulipo. Gharama ya kuvutwa kutoka porini Canyonlands hupita dola 1,000 kwa urahisi, na hiyo ni baada ya kupata mtandao wa simu wa kuombea msaada.

Namba moja ni Rivian R1T, na ninaipendelea waziwazi. Anayetaka mwandishi asiyeegemea upande atafute kwingine. Ilianza kufikishwa kwa wateja Septemba 2021, kabla ya pikapu nyingine yoyote ya umeme kutoka kwa kampuni kubwa, na mpaka leo naiona ndiyo pekee iliyochorwa na watu waliowahi kulala porini. Shokamzoba zake za hewa huinua tumbo hadi karibu inchi 15 kutoka ardhini. Toleo la mota nne lina mota moja kwa kila gurudumu, kwa hiyo gurudumu likiwa hewani, mengine yanaendelea kusukuma bila gari kubabaika. Maji ya kina cha futi tatu inavuka.

Lakini mimi nimeipa nafasi ya kwanza kwa sababu ya shimo. Chini ya sakafu ya bodi, nyuma, kuna pipa lenye kifuniko, na ndani yake linaingia tairi kamili la akiba, saizi sawa na yale manne. R1S, ndugu yake ya safu tatu za viti, haina nafasi hiyo. Wenye R1S wanaishia na kile kitairi chembamba cha dharura, na kwenye mawe kitairi hicho ni cha kukufikisha kwenye aibu nyingine.

Yapo ya kuangalia. Kwanza, tairi hilo si la bure kwa kila toleo, na magari mengi yaliyotumika yaliagizwa bila hilo. Wenyewe walitaka pipa la kuwekea barafu na vinywaji. Inua kifuniko kwa mkono wako. Usikubali picha. Pili, kifuniko kiko sakafuni mwa bodi, kwa hiyo ukijaza hema, majiko na madumu ya maji juu yake, siku ya pancha utashusha mzigo wote kwenye vumbi. Panga vitu vyako ukijua hilo. Tatu, tairi na rimu yake vina uzito unaokaribia nusu gunia la mahindi, na utavitoa ukiwa umeinama. Jaribu nyumbani, kwenye simiti, siku ya mapumziko, na jeki ya kwako. Jifunze pia kuweka gari kwenye hali ya jeki kupitia skrini, la sivyo shokamzoba za hewa zitajaribu kusawazisha gari wakati wewe unaliinua. Na jeki ikae mahali palipowekwa alama tu. Ukiiweka chini ya betri, bei ya tairi utaiona ndogo.

Rimu nayo. Chukua za inchi 20 zenye matairi ya kashata nzito. Za inchi 22 zinapendeza mbele ya kanisa, ila ubavu wa tairi lake ni mfupi, na kwenye mawe hauna pa kulala. Nani aliamua kwamba pikapu ya porini iuzwe na rimu za harusi sijui, lakini zinauzwa, na muuzaji atakusukumia hizo kwa sababu zinaongeza bei.

Jambo moja zaidi ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye matoleo ya mota nne, ile hali ya kubana matumizi ya umeme huendesha magurudumu ya mbele peke yake, na wenye R1T wamelalamika sana kwamba matairi ya mbele yanaisha mapema. Ukinunua iliyotumika, pima kashata za mbele na za nyuma. Kisha zungusha matairi yote matano, la akiba likiwemo, ili siku ya kulihitaji lisiwe jipya na refu kuliko wenzake.

Sisemi Rivian ni malaika. Machi 2022 walipandisha bei ya R1T ya mota nne kutoka dola 67,500 hadi 79,500, tena hata kwa watu waliokuwa wamekwisha kuweka oda. Kelele zikapigwa, mkuu wao RJ Scaringe akaomba radhi ndani ya siku chache, na wenye oda za zamani wakarudishiwa bei yao. Na ukigongwa nyuma, jiandae: ubavu wa bodi umeunganishwa kuelekea juu mpaka paani, kwa hiyo kibonyeo kidogo kinaweza kuzaa bili ya kutisha. Hayo yote nayajua na bado ningeinunua.

Namba mbili naipa GMC Hummer EV, ile ya pikapu, kwa shingo upande. Kwa matairi, wamefanya jambo ambalo Rivian hawakufanya: toleo la kwanza lilikuja na rimu za inchi 18 na matairi ya inchi 35, kwa hiyo ubavu ni mrefu, unapunguza upepo bila hofu. Ina kamera chini ya tumbo za kukuonyesha jiwe kabla hujalikanyaga. Magurudumu ya nyuma nayo hukata kona, gari likaenda mshazari kama kaa. Ikijiinua hadi mwisho, tumbo linafika karibu inchi 16 juu ya ardhi.

Halafu unaulizia tairi la akiba, unaambiwa lifungwe ndani ya bodi, kwa kifaa cha kununua kando. Gari la kilo 4,100, betri ya zaidi ya kWh 200, na tairi linakula nafasi ya mzigo. Upana wake bila vioo unapita inchi 86. Jeep Wrangler, gari ambalo njia nyingi za Moab zimezoea upana wake, iko chini yake kwa kama futi moja. Kuna mapito ambayo utaacha rangi yako hapo kwa kumbukumbu ya wajukuu.

Tatu ni Tesla Cybertruck, na ingekuwa hiari yangu ningeishusha zaidi, ila inapanda vizuri kuliko maadui wake wanavyokiri. Tumbo linainuka, matairi ni ya inchi 35, na zile lock za difu, za kulazimisha magurudumu yazunguke pamoja, ambazo hazikuwepo kwenye magari ya mwanzo zilikuja baadaye kwa programu. Ni hapo ninaposhangaa: Desemba 2023 kila mtu aliona video ya Cybertruck ikiwa na mti wa Krismasi mgongoni, imekwama kwenye mteremko wa theluji msituni Stanislaus, California, ikivutwa na Ford ya mafuta. Mwenye gari alikwenda na programu ambayo haijakamilika. Kuuza gari la porini kisha kupeleka lock baadaye ni biashara ya ajabu.

Tairi la akiba halipo. Wanakuuzia, na linakaa ndani ya bodi, hapo hapo unapotaka kuweka hema. Na kwa kampuni iliyowaza sana sura, matairi yenyewe hawakuyawaza: vifuniko vya rimu vya mwanzo vilikuwa vinakwaruza ubavu wa tairi, mpaka mwaka 2024 wakaacha kuvitoa. Ubavu, tena! Ile sehemu moja isiyozibika. Ukikuta Cybertruck ya mwanzo sokoni, piga magoti, pitisha kidole kwenye ubavu wa kila tairi.

Za bei ya chini, kwa ufupi. Ford F-150 Lightning iliyotumika imeshuka bei sana, na cha kuchekesha, ndiyo inayokuja na tairi kamili la akiba likining'inia chini kama zamani. Lakini tumbo lake liko inchi 8.4 tu juu ya ardhi na betri ndiyo iliyo chini. Njia ya vumbi ya kwenda kuvua samaki, sawa. Ngazi za mawe, hapana. Slate, inayotangazwa tangu Aprili 2025 kuwa ya watu wa kawaida, inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Tuishie hapo. Chevrolet Silverado EV si ya bei ya chini wala si ya mawe. Ni ndefu mno, imetajwa kwa sababu mtaniuliza.

Na wale mnaotaka kuitumia huku kisha kuisafirisha Dar au Mombasa: usukani uko kushoto, na fundi wa betri hiyo hayupo mtaani kwenu. Nunueni Land Cruiser.

Bei ndiyo inayonichosha. Cybertruck ilitangazwa mwaka 2019 kwa dola 39,900. Ilipokabidhiwa mwisho wa Novemba 2023, ya chini kabisa kwenye orodha ilikuwa 60,990, na hiyo iliahidiwa baadaye. Lightning ilitangazwa 2021 chini ya dola 40,000, mwaka 2023 ya chini ikawa inakaribia 60,000, kisha Julai mwaka huo huo wakapunguza kwa mkupuo dola 10,000, na aliyenunua Juni akabaki anatazama. Mwaka 2022 baadhi ya wauzaji walikuwa wanaongeza maelfu yao wenyewe juu ya bei ya kiwanda, mpaka Ford yenyewe ikawakemea. Desemba 2025 Ford wakatangaza kuiachisha kiwandani Lightning ya betri pekee. Nafuu ya kodi ya dola 7,500 kutoka serikalini iliisha tarehe 30 Septemba 2025, lakini bado kuna tovuti za wauzaji zinazoionyesha kwenye hesabu kwa herufi kubwa. Someni bei chini ya mstari.

Juzi niliingia yadi moja ya magari yaliyotumika kuulizia R1T isiyo na tairi kwenye pipa lake. Jamaa akaniandikia tairi mstari mmoja, rimu mstari wa pili, jeki mstari wa tatu, kisha ada ya kufunga. Nikamuuliza kufunga nini, maana tairi linawekwa tu shimoni na kifuniko kinafungwa. Akasema ndiyo hiyo. Nikamwambia basi nitaliweka mwenyewe. Akaenda kwa bosi wake, akarudi, akasema ada ipo kwenye mfumo, haitoki.