Kakao Mbichi au Kokoa ya Kawaida: Pakiti Tatu Mezani Kwetu

Mwezi uliopita shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 46, aliambiwa hospitali kwamba damu yake imepungua. Akiwa njiani kurudi nyumbani alipitia duka moja la vyakula vya asili, akatoka na pakiti ya gramu 200 ya unga wa kakao mbichi kutoka Peru, aliyoinunua kwa shilingi 32,000. Muuzaji alikuwa amemhakikishia: "Mama, hii haijaguswa na moto, ina madini ya chuma kuliko mboga zote za majani." Alipofika aliniwekea pakiti mkononi, akasema, "Mwanangu, macho yangu hayaoni maandishi madogo. Nisomee, uniambie kama nimefanya vizuri."

Niliisoma, lakini niliona kwamba siwezi kumjibu kwa haki bila kuilinganisha na nyingine. Nikanunua pakiti ya pili, unga wa kokoa wa kawaida uliotengenezwa hapa nchini na wasindikaji wadogo, wenye kiambato kimoja tu, kwa shilingi 9,000. Ya tatu ni kopo la kokoa nyeusi kutoka nje, lililonigharimu shilingi 14,000, na nyuma yake, chini ya neno "viambato", limeandikwa pia kidhibiti asidi E501. Uzito wa zote tatu ni ule ule. Kwa wiki tatu tumezinywa, tumezipikia, na nimezilinganisha na yale yanayojulikana kuhusu lishe ya zao hili. Haya ndiyo niliyoyaona.

Nianze na majina, kwa sababu mkanganyiko mwingi huanzia hapo. Wauzaji wa nje huandika jina la zao hili kwa tahajia mbili, moja kwa unga ambao haukukaangwa na nyingine kwa unga uliokaangwa, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba ni mimea miwili. Sisi pia tuna maneno mawili, kakao na kokoa, ila kwetu ni mti mmoja. Kyela, mkoani Mbeya, utamsikia mkulima akitumia lolote kati ya hayo kwa mbegu zile zile alizozianua. Katika makala hii nitasema "kakao mbichi" kwa unga usiokaangwa na "kokoa" kwa ule wa kawaida, kwa ajili ya kueleweka tu.

Je, unga huo ni mbichi kweli? Nilipokuwa Kyela miaka michache iliyopita, mwenyeji wangu alipasua tunda la kakao kwa panga na kunipa mbegu iliyofunikwa na utando mweupe, mtamu wenye uchachu kidogo, unaokaribia ladha ya topetope. Nilipoikata mbegu yenyewe kwa kisu, ndani ilikuwa na rangi ya zambarau, na nilipoitafuna ilinikausha mdomo mzima kama ndizi mbichi. Kisha akanipeleka penye masanduku ya mbao yaliyofunikwa kwa majani ya migomba, ambamo mbegu huvundikwa kwa siku tano hadi saba. Alinitaka niingize mkono katikati ya lundo, na niliutoa haraka, kwa maana katikati ya lundo linalochachuka joto hufikia nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi. Mbegu aliyonikatia kutoka humo ilikuwa imeanza kuwa kahawia, na ule ukali ulikuwa umepungua sana.

Kisa hicho kina uzito katika hoja yetu. Wauzaji wengi wa kakao mbichi huahidi kwamba unga wao haujavuka nyuzi arobaini na kitu, ilhali mbegu iliyochachushwa sawasawa imekwisha kulifikia joto hilo shambani, kabla haijafika kiwandani. Baada ya hapo hukaushwa juani, husagwa, kisha hukamuliwa ili mafuta yake yatoke na mashudu yasagwe kuwa unga, na kazi zote hizo huzalisha joto la msuguano. Kinachorukwa ni hatua moja tu, yaani kukaanga, ambako kwa kawaida hufanyika kwa nyuzi kati ya 120 na 150. Kwa hiyo jina linalostahili zaidi ni "kakao isiyokaangwa". Uchachushaji peke yake, ambao pakiti ya shangazi inakiri kwamba ulifanyika, huondoa sehemu kubwa ya epikatekini, ambayo ni moja ya flavanoli, kemikali za asili za mmea zinazoifanya kakao isifiwe. Anayenunua kakao mbichi akidhani anapata mbegu kama nilivyoitafuna Kyela hapati hiyo.

Sasa twende kwenye lishe yenyewe. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani yanaonyesha kwamba gramu 100 za unga wa kokoa usiotiwa sukari zina takriban kilokalori 228, protini gramu 19.6, mafuta gramu 13.7, nyuzinyuzi zaidi ya gramu 30, magnesiamu miligramu 499, potasiamu miligramu 1,524 na madini ya chuma miligramu 13.9. Jedwali lililo nyuma ya pakiti ya kakao mbichi linakaribiana sana na namba hizo. Tofauti iliyo wazi ni ya mafuta, nayo hutokana na jinsi mbegu zilivyokamuliwa, si na kukaangwa kwake. Unga wowote unaweza kukamuliwa ukabaki na mafuta ya asilimia 10 hadi 12, au ukaachiwa zaidi ya asilimia 20, na kalori zake hupanda au kushuka kwa kufuata hilo. Madini hayateketei kwa moto wa kukaangia. Magnesiamu iliyomo kwenye mbegu mbichi imo pia kwenye mbegu iliyokaangwa, na yeyote anayedai kwamba kukaanga "kunaua madini" anawapotosha wateja wake.

Isitoshe, hakuna mtu anayekula gramu 100 za kokoa kwa siku. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban gramu 5, na ndani yake mna magnesiamu miligramu 25, wakati mwanamke mtu mzima anahitaji zaidi ya 300. Chuma ni miligramu 0.7, kafeini ni kama 12, na theobromini, ile inayochangamsha taratibu, ni kama 100. Ni nyongeza njema katika mlo. Lakini namba zilizochapwa kwa herufi kubwa upande wa mbele wa pakiti huhesabiwa kwa gramu 100, na msomaji asipozigawa kwa ishirini atadanganyika pasipo kuambiwa uongo.

Penye tofauti ya kweli ni kwenye ile E501 ya kopo la tatu. Hiyo ni kaboneti ya potasiamu, alkali (yaani kitu kinachopunguza asidi) ambayo viwanda huichanganya na kakao ili kuondoa uchachu, kuikoleza rangi na kuifanya ichanganyike na maji kwa urahisi. Mbinu hii ilitoka Uholanzi, kwa familia ya Van Houten ya Amsterdam, ambayo mwaka 1828 ilipata hataza ya njia ya kukamua mafuta ya kakao. Ndiyo maana hadi leo huitwa njia ya Kiholanzi. Kokoa ya kawaida ina pH (kipimo cha asidi, ambacho namba yake hupanda asidi inapopungua) ya kati ya 5.3 na 5.8, na iliyotiwa alkali hupanda hadi kati ya 6.8 na 8. Uchambuzi wa unga wa madukani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kinachopotea. Kokoa isiyotiwa alkali ilikuwa na wastani wa miligramu 34.6 za flavanoli katika kila gramu, iliyotiwa kidogo 13.8, ya kati 7.8, na iliyotiwa sana 3.9. Tukirudi kwenye kijiko chetu cha gramu 5, hiyo ni takriban miligramu 170 dhidi ya 20. Ieleweke kwamba ile ya 34.6 ilikuwa kokoa ya kawaida, si kakao mbichi, bali unga wa kawaida ambao haukuguswa na alkali.

Nililithibitisha hili jikoni kwa njia ambayo mtu yeyote anaweza kuifuata. Nilipanga vikombe vitatu, nikatia kijiko kimoja cha kila unga na maji ya moto, nikakoroga. Kakao mbichi na kokoa ya kawaida zilielea juu, zikafanya madonge, na ikanibidi kuzivuruga kwanza kwa maji kidogo mpaka ziwe kama uji mzito. Ile ya kopo ilizama yenyewe na kuyeyuka, nyeusi kama masizi. Kisha nikatia chembe ya magadi soda katika kila kikombe. Viwili vya kwanza vilitoa povu jembamba, rangi ikageuka kutoka hudhurungi yenye wekundu na kuwa nzito; cha tatu kilitulia, hakikuonyesha dalili yoyote, kwa sababu asidi yake ilikwisha kumalizwa kiwandani. Jaribio hilo lina onyo pia kwa waokaji wa keki: magadi soda yakizidi kwenye mchanganyiko hufanya kazi ile ile ya alkali, na flavanoli hupungua ndani ya tanuri hata kama uliinunua kakao ya bei ghali kuliko zote.

Hapo sasa narudi kwa shangazi na damu yake, jambo lililoniuma kuliko mengine yote. Ni kweli kokoa ina chuma, lakini ni chuma cha mimea, ambacho mwili hukipokea kwa shida, na zile polifenoli tunazozisifu, kundi ambamo flavanoli nazo zimo, hukishika kisifyonzwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999, ambao watu walipewa mkate pamoja na vinywaji mbalimbali, ulikuta kwamba kikombe cha kokoa kilipunguza ufyonzaji wa chuma kwa asilimia 71. Chai ya rangi ilipunguza zaidi ya hapo. Shangazi alikuwa akiinywa kakao yake pamoja na mlo wa mchana, wali na maharage na mchicha, akiamini anaongeza damu. Nilimwomba aihamishie saa kumi jioni, mbali na chakula, na katika mlo akamulie ndimu, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Na vidonge alivyopewa hospitali aendelee navyo bila kuruka hata siku moja. Aliyekuuzia kakao kama dawa ya damu, hata kama hakukusudia ubaya, amekupa kitu kinachoweza kukurudisha nyuma.

Kuhusu moyo na mishipa, habari ni njema kwa kiasi. Mwaka 2012 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia mishipa ya damu kutanuka inavyotakiwa. Jaribio kubwa la Marekani liitwalo COSMOS, lililochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha wazee zaidi ya 21,000 waliopewa miligramu 500 kwa siku, halikuonyesha upungufu wa uhakika wa matukio yote ya moyo na kiharusi yakijumlishwa, ingawa vifo vitokanavyo na maradhi hayo vilikuwa pungufu kwa asilimia 27. Washiriki hao walimeza vidonge vya dondoo, hawakunywa kikombe cha jioni. Pakiti ya shangazi, kwa upande wake, inajivunia namba kubwa ya ORAC, kipimo cha antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia uharibifu unaosababishwa na oksijeni, ndani ya chupa ya maabara. Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyaondoa majedwali yake ya ORAC mwaka 2012 kwa sababu yalikuwa yakitumiwa vibaya na wauzaji na hayaelezi kinachotokea mwilini. Pakiti inayochapishwa leo ikiwa bado na namba hiyo hainipi imani.

Usalama nao unastahili kutajwa. Kukaanga ndiko kunakoua vijidudu kama salmonela, vinavyoweza kuingia mbegu zikiwa zimeanikwa chini, na kakao mbichi huikosa kinga hiyo. Mjamzito na mtoto mdogo nisingewapa bila kuichemsha, na ukiichemsha umeondoa sababu ya kuilipia. Jambo la pili ni kadimiamu, metali nzito inayopatikana zaidi katika udongo wa baadhi ya maeneo ya Amerika Kusini. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 0.60 kwa kilo ya unga wa kokoa anaouziwa mlaji. Kama unakunywa kila siku, chagua muuzaji anayeweza kukuonyesha cheti cha vipimo.

Ladha? Kakao mbichi ina uchachu wa matunda na ukakasi unaobaki ulimini. Katika ndizi zilizopondwa na maziwa mtindi ilinipendeza sana. Kokoa ya kawaida ya hapa nchini ina harufu ile ya kukaangwa ambayo wengi wetu tunaijua kama harufu ya chokoleti, na ndiyo iliyoshinda katika maziwa ya moto. Ya kopo ni laini, haina uchachu, na keki yake hutoka nyeusi ya kuvutia, lakini kwa lishe ndiyo dhaifu kuliko zote. Chokoleti ya kunywa siihesabu hapa: kiambato chake cha kwanza kwa kawaida ni sukari.

Kwa hiyo, katika pakiti tatu, fedha yangu naiweka kwenye ya pili. Ina kiambato kimoja, haina alkali, madini yake ni yale yale, na kwa bei ya pakiti moja ya kakao mbichi napata tatu na nusu. Kakao mbichi naipa nafasi ya pili, kwa anayeipenda ladha yake na anaweza kumudu. Shangazi amekwisha kuimaliza ile ya shilingi 32,000, saa kumi kila jioni, na juzi alinituma sokoni akisema, "Niletee ile ya elfu tisa, na ndimu za mia tano."