Uzoefu wangu: kununua karbini ya Carcano iliyotoka kwenye maghala ya Ethiopia

Mtu anayetafuta bunduki ya zamani ya kijeshi ya kukoki kwa mkono hapa Marekani, huku mfukoni ana dola mia tatu hivi, hana tena uchaguzi mpana. Mosin-Nagant ya Kirusi, ambayo miaka ya mwanzo ya 2010 ilikuwa ikiuzwa chini ya dola 100, leo inadai mara kadhaa ya bei hiyo. Lee-Enfield ya Mwingereza na K31 ya Mswisi zimepanda zaidi, na Mauser nzuri zimekwisha kuwa mali ya wakusanyaji wenye fedha. Kwa mtu wa kipato cha kawaida imebaki hasa Carcano ya Mwitaliano, ambayo karbini yake ni bunduki fupi ya aina hiyo, silaha iliyosemwa vibaya kwa miaka mingi kuliko inavyostahili. Mimi nilinunua moja, nimeitumia, na ninaandika haya kwa ajili ya Waswahili wenzangu tunaoishi huku ambao wamekuwa wakiniuliza kama fedha yangu ilikwenda mahali pazuri. Jibu langu ni ndiyo, ila bei inayoandikwa kwenye tangazo si bei utakayolipa, na kitu unachopaswa kukinunua ni mtutu. Mbao na rangi ya chuma ni mambo ya baadaye.

Yangu ni karbini ya wapanda farasi ya muundo wa 1891, yenye urefu wa takriban sentimita 92, uzito wa kilo tatu hivi, na singe iliyofungwa moja kwa moja mbele ya mtutu ambayo hukunjwa kuelekea chini. Imechongwa jina la kiwanda cha Brescia, mwaka 1936, na kando ya mwaka huo namba ya Kirumi XIV, yaani mwaka wa kumi na nne wa utawala wa Mussolini kwa hesabu yao wenyewe. Ilitoka Ethiopia katika shehena za silaha kuukuu ambazo waagizaji wa Marekani wamezinunua huko miaka ya karibuni. Sitaficha kwamba hiyo ndiyo sababu iliyonivuta kwake nikaacha nyingine. Waitaliano waliivamia Ethiopia Oktoba 1935 na kuingia Addis Ababa Mei 1936, na mwaka 1941 walipofukuzwa, miongoni mwa waliowafukuza walikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza), yaani vijana kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, waliopita Somalia, ambako Mogadishu ilitekwa mwezi Februari, na kuendelea hadi milima ya Habeshi. Wazee wetu walielekezewa bunduki za aina hii. Hakuna bunduki nyingine ya bei nafuu sokoni iliyo karibu hivyo na historia ya Afrika Mashariki, na ninaona ni jambo la heshima kwamba mmoja wetu anaitunza.

Tangazo lilisema dola 249 na likaiweka katika daraja la "nzuri". Usafirishaji ulikuwa dola 25, na muuzaji mwenye leseni wa mtaani kwangu, ambaye kwa sheria ndiye aliyeipokea, alitoza dola 30. Utaratibu huu wa kupitia kwa muuzaji una uhusiano wa moja kwa moja na bunduki yenyewe: Lee Harvey Oswald aliagiza Carcano kwa posta kutoka duka moja la Chicago kwa dola 21.45 pamoja na gharama za posta, na mauaji ya Rais Kennedy mjini Dallas mnamo Novemba 1963 yalichangia sana kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1968 iliyozuia silaha kutumwa kwa posta hadi nyumbani kwa mtu asiye na leseni. Mwenye leseni ya mkusanyaji wa silaha za kale, inayotolewa na ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kwa dola 30 kwa miaka mitatu, anaweza kuletewa mlangoni, kwa kuwa silaha iliyofikisha miaka hamsini ikiwa katika hali yake ya asili huhesabiwa miongoni mwa hizo. Lakini atalazimika kuweka daftari la kumbukumbu ya kila anachopokea na kukitoa. Anayenunua bunduki moja tu hana haja ya leseni hiyo.

Kwa kuwa swali la kama asiye raia anaweza kununua huja kila mara, nilieleze hapa. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua kama raia. Atajaza fomu 4473 ya ununuzi wa silaha, ataandika namba yake ya uhamiaji, ataonyesha kitambulisho chenye anwani ya jimbo analoishi, na muuzaji atawasiliana na mfumo wa FBI wa kukagua historia ya mnunuzi. Aliyeko hapa kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama vile kuwa na leseni halali ya uwindaji. Na tafadhali, usikubali kumnunulia ndugu au rafiki asiyeruhusiwa kwa jina lako. Hilo ni kosa la jinai la serikali kuu, na linaweza kukufungulia mlango wa gereza na wa kurudishwa nyumbani kwa pamoja.

Bunduki ilipofika, neno "nzuri" lilikuwa limetumiwa kwa ukarimu mkubwa. Chini ya mbao ya juu ya mtutu palikuwa na udongo mwekundu ulioshikamana na grisi kuukuu hadi ukawa mgumu kama saruji, singe haikukunjuka kabisa, na kitako kilikuwa na ufa mwembamba nyuma ya chuma cha komeo (kipande kinachosogezwa kwa mkono kuingiza risasi na kufunga nyuma ya mtutu), mahali ambapo picha za tangazo hazikuonyesha. Nililalamika kwa muagizaji. Jibu lake lilikuwa kwamba nyufa ndogo zimo ndani ya daraja hilo. Sikuridhika na jibu hilo na bado siridhiki nalo, kwa sababu ufa wa mahali hapo hubeba kishindo cha kila risasi, na mnunuzi ana haki ya kuujua kabla hajalipa. Niliuziba kwa gundi ya epoksi na kijiti chembamba cha mbao ngumu kilichopitishwa ndani, na hadi sasa haujasogea. Udongo ulitoka kwa mafuta ya taa na mswaki, kwa uvumilivu. Mbao nilizipaka mafuta ya kitani tu, bila kuzipiga msasa, maana msasa ungefuta mihuri ya ghala na kupunguza thamani yake.

Lakini mtutu! Nilivuta triga huku nikirudisha komeo nyuma, maana ndivyo komeo la Carcano linavyotolewa, nikapitisha kitambaa chenye dawa mara nyingi hadi kikaanza kutoka na weusi hafifu, kisha nikamulika tochi kutoka upande wa chemba, yaani mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Mifereji ya ndani inayoizungusha risasi ilionekana waziwazi, mirefu, yenye kingo kali, na madoa machache ya kutu ya zamani karibu na mdomo. Hiyo ndiyo bahati yenyewe katika silaha hizi. Risasi za zamani za kijeshi zilikuwa na fataki (kiwashio cha baruti) zinazoacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi hiyo hufyonza unyevu wa hewa, na askari asiyesafisha kwa maji aliacha mtutu uliwe. Ukikuta mtutu wenye mashimo mashimo, hakuna fundi atakayeurudisha. Kabla ya kufyatua hata risasi moja nilimpelekea fundi bunduki apime nafasi kati ya uso wa komeo na chemba, kwa sababu makomeo ya maghala yale mara nyingi yamechanganywa. Alitoza dola 45. Usiruke hatua hii hata kama fedha zimekuishia. Subiri mwezi ujao.

Klipu ndizo zinazowashangaza wengi. Carcano hupokea risasi sita zikiwa ndani ya klipu ya chuma, klipu huingia pamoja nazo, na risasi ya mwisho ikishaingia chemba klipu hudondoka yenyewe kupitia tundu la chini. Bila klipu, una bunduki ya risasi moja moja, tena ya shida, kwa kuwa risasi inatakiwa iteleze chini ya ndoano ya komeo, ile inayovuta ganda nje, ikitokea kwenye magazini. Ukiitumbukiza chemba kwa mkono na kulazimisha komeo lifunge, unaweza kuivunja ndoano hiyo. Nilinunua klipu sita kwa dola 24. Pamoja na boksi mbili za risasi kwa dola 60, jumla yangu ilivuka dola 430 bila kuhesabu kodi.

Risasi mpya za 6.5x52, ndiyo aina inayotumiwa na Carcano, hutengenezwa na kiwanda cha PPU cha Serbia, na hazina fataki za chumvi. Tatizo lake ni kipenyo. Mtutu wa Carcano ulikusudiwa risasi yenye kipenyo cha karibu inchi 0.268, ilhali risasi nyingi za milimita 6.5 zinazouzwa leo ni za inchi 0.264, na pengo hilo dogo ndilo lililoipa bunduki hii sifa mbaya ya kutolenga. Kwa risasi za dukani, kwa umbali wa yadi 50 nilipata kundi la matundu lenye upana wa kiganja. Kwa risasi nzito zenye ncha ya mviringo na kipenyo sahihi, alizonijazia rafiki mwenye mashine ya kujazia, kundi lilipungua hadi karibu nusu. Kwa yadi 100 hupiga juu sana ya unapolenga, kwa kuwa alama zake za kulengea ziliwekwa kwa mapigano ya mbali zaidi, hivyo ni lazima uzoee kulenga chini. Mlio na mwako wa mtutu mfupi ni mkali, lakini teke lake begani ni la kiungwana kabisa.

Kama unachagua, jihadhari na karbini za 91/24. Hizo zilitokana na bunduki ndefu zilizokatwa, na mitutu ya zamani ya Carcano, hadi mwaka 1938, ilikuwa na mifereji ambayo msokoto wake huzidi kukaza kadiri inavyokaribia mdomoni; ukiikata mbele umeondoa sehemu iliyokuwa ikiizungusha risasi kwa kasi inayotakiwa. Bunduki ndefu isiyokatwa hulenga vizuri zaidi kuliko yangu, na mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kwa sababu watu wengi wanapenda fupi. Kwa mwindaji wa kulungu hapa Texas, ndani ya yadi 100 na kwa risasi zenye ncha laini, karbini inatosha. Kwa anayeota kuipeleka Dar es Salaam kama kumbukumbu ya ukoo, ajue kwamba upande wa Marekani unahitaji kibali cha kusafirisha silaha nje na upande wa Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bila vibali vya pande zote mbili, ibaki huku kwenye kabati lenye kufuli.